Springi za Mama Mkwe

Sijawahi kumpenda shemeji yangu, na sioni sababu ya kuanza leo kwa kuwa tu naandika habari zake. Ni kaka wa mke wangu. Anakaa Kalangalala, Geita, ananunua mawe yenye dhahabu kwa wachimbaji wadogo na kuyapeleka karashani kusagwa. Mimi ni fundi wa magari Kahama, na kazi yangu ni ya chini ya gari: springi, shokapu, bushi, difu, vitu ambavyo mwenye gari havioni mpaka siku vimlaze njiani. Miaka kumi na moja iliyopita, siku ya kupanga mahari, shemeji alininyanyua mkono wa kulia mbele ya wazee wa pande zote mbili akawaonyesha kucha zangu. Akasema dada yake anakwenda kumpikia mtu asiyetakata hata akiogeshwa kwa mafuta ya taa. Watu wakacheka. Mjomba wangu naye alicheka, na huyo nilikuwa nimekuja naye mimi.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nataka mke. Ila kicheko kile sikukisahau. Mpaka leo nikisugua mikono kwa sabuni ya unga jioni nakisikia.

Mama yake, ambaye ndiye mama mkwe wangu, alikuwa ndani siku hiyo, mlango umerudishwa. Yeye hakucheka. Niliambiwa baadaye kuwa aliwaambia wanawake wenzake hajapata kuona kijana mwenye sura ya kisirani namna ile. Sina ugomvi na maneno hayo, aliona sawasawa.

Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Humpi mkono, huli naye, humtazami usoni. Mkikutana njiani unapisha pembeni na kugeuza uso mpaka apite. Salamu mnapeana kwa mbali au kupitia kwa mtu mwingine. Wapo vijana wa mjini wanaoona mambo haya ni ya kizamani, wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Mimi sikuwa mmoja wao. Desturi hii ilinifaa sana, maana yule mama hakunitaka na mimi sikumtaka, na tulipewa njia ya heshima ya kutoonana. Nilimwona mara moja tu, siku ya harusi, kwa mbali, kabla sijageuza macho. Mama mrefu, mnene, mabega kama ya mwanamume, amebeba peke yake sufuria la wali ambalo wanawake wawili walikuwa wanasukumana nani ashike upande gani. Picha hiyo ndiyo niliyobaki nayo kichwani miaka yote.

Miaka mitatu iliyopita shemeji alikuja gereji kwangu na stesheni wagoni yake ya zamani, zile ndefu za miaka ya themanini ambazo injini iko mbele lakini zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, propela inapita chini katikati mpaka kwenye difu, lile bonge la gia la ekseli ya nyuma. Nyuma gari lile linabebwa na springi za mabapa, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na kifupi chini. Lake lilikuwa na mabapa manne kila upande, ya kiwandani. Alikuwa analijaza viroba vya mawe mpaka makalio yanaburuzika barabarani. Hakunisalimia vizuri, aliniita fundi, kama vile hakumbuki mimi ni nani kwake. Akataka nimwongezee mabapa mawili ya lori kila upande ili gari lisimame.

Nilimwongezea manne.

Nilifanya makusudi, wala sitafuti pa kujificha. Mawili yangemtosha. Niliyachagua manne mazito kwenye rundo la vyuma chakavu, nikayakata kwa urefu wake, nikayatoboa katikati, nikayafunga kwa yubolti ndefu mpaka nyuma ya gari ikainuka kama mbuzi anayejinyoosha. Shokapu nazo nikatia ngumu za pikapu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: likiwa limejaa mawe litakwenda, lakini kila atakapokuwa anarudi tupu litamrusha mpaka figo zimkumbuke aliyezisumbua. Nilifanya kazi ile huku napiga mluzi.

Sasa tazama bahati ya mtu mwenye kiburi. Wiki iliyofuata alinipigia simu kunisifu. Alisema wenzake wote Kalangalala wanaligombania gari lake kulitazama, wanapanda juu ya bampa ya nyuma na kuruka, na springi hazitikisiki. Aliwatangazia kuwa aliomba mabapa mawili, shemeji yake akampa manne na ya ziada hakumtoza. Kurudi tupu alikuwa hajui habari yake, kwa sababu alikuwa na dereva wa kumrudishia. Kwa hiyo figo zilizoumia ni za mtu mwingine ambaye hakunikosea kitu. Hilo nililijua na sikufanya lolote.

Mwaka huu, wakati wa kuvuna pamba, mama mkwe alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Ni kijiji cha ndani huko Kishapu, mbele ya Mhunze. Magunia yaliteleza, naye akateleza nayo, akatua kwa mgongo. Shemeji alikuwa amekwenda kuwasalimia siku hiyo na gari lake lilikuwa tupu. Wakatandika godoro nyuma, wakamlaza, wakampeleka hospitali Shinyanga. Mke wangu aliambiwa na shangazi yake kwamba njiani mama aliuma kanga mpaka ikatoboka.

Alilazwa wiki nyingi. Pingili moja ya mgongo ilikuwa imepata ufa. Walipomruhusu walimfunga mkanda mgumu, wakamwambia awe anarudi kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, kwa mazoezi ya miguu, maana miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi, na akikaa nyumbani bila mazoezi hatasimama tena. Wakamrudisha kijijini kwa gari lile lile. Alipoteremshwa alisema hapandi tena. Miguu kama inakufa na ife, yeye amechoka. Jumanne yake ya kwanza hakwenda. Ya pili hakwenda. Daktari wa mazoezi akamwambia shangazi kwa simu kuwa akikosa na ya tatu, wasijisumbue kuja ya nne.

Habari hizi mke wangu alinipa nikiwa nakula. Alikuwa anasimulia huku anamenya viazi, hakunitazama. Alisema mama analilaumu gari, anasema linampiga kama mtu mwenye kinyongo naye. Nilirudisha tonge kwenye sahani. Gari lingine la kumlaza mtu hatukuwa nalo, mimi natembelea pikipiki, na kwenye basi mtu wa aina ile hakai. Nikamwambia mke wangu amwambie kaka yake alete lile gari, nitalilainisha.

Hakuniuliza kwa nini nilisema haraka vile. Labda alijua. Wanawake wa ukoo ule wanajua mambo na wanakaa nayo.

Shemeji alilileta akinung'unika. Alisimama mlangoni mwa gereji na miwani yake ya jua, akasema nimtolee vyuma vile kwa muda tu, mama akishapona nivirudishe, kwa sababu biashara haisubiri mgongo wa mtu. Ule ni mgongo wa mama yake mzazi. Nilishika spana namba kumi na saba mkononi na nilimtazama kichwani kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Akaahidi kuja kuendesha mwenyewe siku ya Jumanne, akapanda basi la kurudi Geita.

Nililinyanyua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya magogo, nikatoa magurudumu ya nyuma. Yubolti zilikuwa zimeshika kutu kwa matope ya mgodini, ikabidi nizimwagie mafuta na kuziacha zilale. Nilipozifungua na kutoa senta bolti inayoyashika mabapa pamoja, yale ya lori yalijiachia kwa kishindo yakaangukia karibu na mguu wangu. Niliyaona jinsi yalivyong'aa pale yaliposuguana. Nilikuwa nimeyapanga vizuri sana. Kazi yangu ya chuki ilikuwa safi kuliko kazi zangu nyingi nilizofanya kwa moyo mweupe.

Tatizo likawa nibakize mangapi. Mabapa ya kiwandani yalikuwa yamelegea kwa miaka ya kubeba mawe. Nikiyaacha peke yake, na gari likapata watu na mizigo, difu itagonga bodi kwa juu kwenye matuta ya barabara, na kipigo cha chuma kwa chuma ndicho kibaya kuliko vyote kwa mgongo uliovunjika. Nikiongeza chuma kingi, ni yale yale. Kila kitu kilitegemea uzito wa atakayelala nyuma. Fundi mwingine yeyote angeuliza, mgonjwa ana kilo ngapi. Swali la mara moja.

Lakini mimi ni mkwe. Mtu haulizi uzito wa mama mkwe wake. Haulizi mwili wake ukoje, amenenepa au amekonda, analala upande gani. Hata kuutaja mwili wake ni kumvua nguo. Jioni nilizungusha maneno, nikamuuliza mke wangu kama mama ni mtu mzito. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Mama ni mama," akaendelea kupepeta. Nikaona nimekaripiwa, nikaenda kuoga.

Basi nikapima kwa ile picha ya sufuria la wali. Nikamkadiria kilo tisini. Nikaweka mke wangu, nikaweka shangazi ambaye angefuatana naye, nikaweka magunia ya chakula wanayobeba wagonjwa. Nikabakiza bapa moja la lori kila upande juu ya manne ya kiwandani, nikalipasha moto na kulinyoosha kidogo lisisukume sana. Nikatia bushi mpya za mpira. Nikatoa zile shokapu ngumu na kufunga laini za magari ya saluni. Nikaazima kwa jirani gunia la mchele la kilo tisini, nikalilaza kwenye godoro nyuma, mke wangu akakaa pembeni yake, na juu ya gunia nikaweka bakuli la maji. Tukazunguka barabara mbovu zote za nje ya Kahama, pale malori ya mpunga yanapochimba mashimo. Maji hayakumwagika. Mke wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu mama yake aanguke. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia fundi kuliko mafundi wote wa Kahama.

Jumatatu shemeji akapiga simu. Duara moja, shimo la mgodi alilowekea hisa zake, lilikuwa limetema, yaani wamefikia mwamba wenye dhahabu, na akiondoka pale mlangoni watamchezea. Hawezi kuja. Aliongea na dada yake, mimi nilisikia kwa sababu anaongea kwa kupayuka. Mke wangu alikata simu akanitazama. Mke wangu hajui kuendesha. Nikamwambia mimi siwezi kumbeba mama mkwe wangu kwenye gari moja, yeye nyuma amelala na mimi mbele. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kama ni hivyo nimwandikie barua mama yake nimweleze miguu yake inakufa kwa sababu ya adabu yangu. Nikachukua funguo.

Tuliondoka mchana ule ule tukalala kwa mjomba wao, Mhunze. Asubuhi tulipofika kijijini nililiegesha gari likiwa limeupa mlango wa nyumba mgongo, nikabaki nimekaa kwenye usukani na macho mbele. Mke wangu alikuwa amefunga kitenge kutoka upande hadi upande nyuma ya kiti changu, kiwe pazia. Kioo cha ndani nilikigeuza kikatazama dari. Nikasikia wanawake wanamtoa, wanahema, wanaambizana shika hapa, polepole hapo, kama wamebeba mtu mkubwa. Shangazi akaja dirishani akaniambia hafuatani nasi, kuna msiba nyumba ya pili, na chakula ametuma jana kwa basi. Nikasema sawa. Hapo hapo ningepaswa kufikiri, kwa sababu uzito niliopanga wa watu watatu na magunia ulikuwa umebaki wa watu wawili. Lakini nilikuwa na shughuli ya kutotazama.

Nilisema shikamoo mama kwa kioo cha mbele. Nyuma ya pazia mke wangu akasema, mama anasema marahaba.

Tulipoiacha njia ya ng'ombe na kuingia barabara ya changarawe, ile iliyojikunja kama bati, gari lilianza kutetemeka. Halikutetemeka hivi Kahama. Nilisikia springi zinapiga kelele ya ukavu, kelele ya chuma ambacho hakijapewa kazi. Nikadhani ni shokapu. Nikapunguza mwendo, likazidi. Nikaongeza kidogo, likaanza kuruka mkia. Nyuma sikusikia mtu akilalamika, nilisikia pumzi tu, pumzi za mtu anayehesabu. Mke wangu akaniomba nipunguze. Nikapunguza mpaka bodaboda yenye kreti za soda ikatupita na mwenyewe akatupungia mkono. Nilimtukana ndani ya moyo, yeye na kreti zake.

Nilikasirika na kila kitu. Nilikuwa na hasira na barabara, na wakandarasi, na shemeji aliyekaa mlangoni pa duara lake, na bakuli lile la maji lililonidanganya. Na kwa kweli nilikuwa na hasira na yule mama pia. Nilijiambia anajikaza makusudi ili anionyeshe kazi yangu ni mbaya.

Mbele kidogo kulikuwa na kalavati linalojengwa. Walikuwa wamekata mtaro kuvuka barabara na kuufukia nusu. Nilikanyaga breki mapema, magurudumu ya mbele yakapita taratibu, lakini ya nyuma yaliposhuka na kupanda, springi zilisukuma juu kwa nguvu zote nilizoziachia, na hakukuwa na uzito wa kuzizuia. Nilisikia mwili unainuka na kutua. Kisha nikasikia sauti ambayo sitaieleza.

Nilizima gari. Mke wangu alikuwa analia na kuita, mama, mama. Akaniambia mama ameteleza nje ya godoro, mgongo umejikunja kwenye kona ya bodi, na yeye peke yake hawezi kumrudisha bila kumkunja zaidi. Wajenzi wa kalavati hawakuwapo, ilikuwa siku ya gulio. Barabara nyeupe huku na huku, hakuna mtu.

Mke wangu akasema, "Njoo umshike."

Nikauliza nani.

"Wewe. Unamwona nani mwingine hapa?"

Nilishuka nikazunguka nyuma nikafungua mlango. Mke wangu alikuwa amelivuta pazia chini na kulikunja kuwa mto. Niliinama huku nimegeuza uso pembeni, nikatafuta kwa mikono, mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya magoti. Nikapiga hesabu ya kilo tisini. Nikajikaza kiuno kama ninavyojikaza nikiinua difu, nikavuta pumzi, nikanyanyua.

Akaja mikononi kama kapu tupu. Nilimnyanyua kupita kiasi, kidogo nimgonge kichwa darini. Hakuna kitu kilichonitisha maishani kama wepesi ule. Uso wangu ukageuka wenyewe. Nikamwona. Mashavu yameingia ndani, shingo imebaki mishipa, mkanda wa mgongo umemzunguka na nafasi imebaki ya kupita ngumi. Mabega yale niliyoyaona siku ya harusi hayakuwapo. Alikuwa na kilo za mtoto wa darasa la tano. Alikuwa ananitazama, na hakugeuza macho.

Nilimlaza kwenye godoro taratibu nikasimama pembeni ya barabara. Nilijua kosa langu lote, kuanzia bolti ya kwanza. Nilikuwa nimelipangia gari springi za mama ambaye hayupo. Kwa huyu aliyekuwepo zilikuwa ngumu vile vile kama zile za mwanawe zilivyokuwa. Nikamgeukia mke wangu kwa ukali, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikuambie nini?" akasema. "Kwamba mama yangu amebaki mifupa? Wewe ni mkwe wake."

Saa nne ilikuwa imepita, na daktari wa mazoezi huondoka saa nane. Kulitoa bapa pale nilihitaji spana nilizoziacha Kahama na nusu siku. Nilikuwa na jeki na spana ya magurudumu tu. Nikatazama huku na huku, na pembeni ya kalavati nikaona rundo la mawe ya kujengea, mengine ya ukubwa wa kichwa, mengine makubwa zaidi.

Nilivua shati. Nikachukua jiwe la kwanza nikalipachika kandokando ya godoro, juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo halitamgusa. Nikaenda kuchukua la pili. Yalikuwa yamepata jua tangu asubuhi, yanachoma. Mimi niliyemcheka shemeji miaka mitatu kwamba mtu anayebeba mawe kwenye gari dogo hana akili, nilikuwa napanga mawe kwenye gari lile lile, na haya hayakuwa na dhahabu hata chembe. Kila nilipoweka mawili nilikwenda kubonyeza bodi ya nyuma kwa mikono miwili nione kama linakubali. Lilikuwa bado gumu. Nikaongeza mengine. Vidole viwili vilipasuka kwenye kucha.

Nikamsikia mama anamuuliza mke wangu, kwa Kisukuma, kile kichaa kinafanya nini.

Mke wangu akasema, "Anaweka kilo ulizopungua, mayu."

Niliendelea. Nilipofikia jiwe la kumi na mbili nikabonyeza, na gari likashuka kwa ulaini, likapanda mara moja, likatulia. Nikabonyeza tena nisijidanganye. Likafanya vile vile. Nikafuta mikono kwenye shati na kurudi kwenye usukani. Pazia halikuwapo tena. Nikatazama mbele.

Nilikuwa sijawasha gari niliposikia sauti yake. Hakumpitishia mke wangu maneno. Ilikuwa sauti nzito kuliko mwili wake, sauti ya yule wa sufuria.

"Vyuma vile vya kwanza vya mwanangu. Uliviongeza makusudi."

Nilimsikia mke wangu akigeuka. Ningeweza kunyamaza, desturi ingenilinda. Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Mwanangu alitangaza umempa viwili vya bure. Mimi sikufurahi. Nilijua unamchukia." Alipumzika kidogo kwa sababu ya maumivu. "Na hivi vya leo?"

"Vya leo sikujua. Nilipima vibaya."

"Ungeuliza."

Hasira ilinipanda, sijui ilitoka wapi, baada ya yote yale. Nilimuuliza kwa sauti ya juu, ningemuuliza nani, na nani angenijibu, kama mke wangu anaona aibu kusema, na yeye mama mwenyewe hataki hata kuniona miaka kumi na moja.

"Mimi," akasema. "Ningekujibu mimi."

Niliwasha gari. Nikaingiza gia ya kwanza, mawe yakasogea kidogo yakakaa. Kabla sijaachia klachi nilinyoosha mkono nikakirudisha kioo chini kutoka darini, nikakipanga mpaka nikamwona yote, kuanzia utosi hadi miguu ile iliyokuwa haisogei. Alikuwa ananitazama tayari. Macho yake hayakuwa na huruma nami hata kidogo, na yangu nadhani hayakuwa na huruma naye. Nikamwambia kama panamuuma mahali aseme pale pale, asisubiri. Akasema atasema.

Na alisema. Njia nzima mpaka Shinyanga alisema, hapa polepole, hapa sasa, hapo kulia kuna shimo hujaliona kipofu wewe, na mimi nikafuata.